Andika nani ataongea na daktari siku wewe huwezi

Huku kwetu watu wengi wanaamini ukipoteza fahamu basi bibi ama bwana ndo anaamua kila kitu, wengine wanasema hapana ni kifungua mimba, wengine ni wazee wa ukoo, na ukienda wodini utakuta hao wote wamejazana kwa mlango kila mmoja anataka daktari aongee na yeye. Sheria inasema kitu tofauti, na kusema ukweli ni kitu rahisi kuliko venye tunadhani.

Iko kwa Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 9. Hutibiwi bila ruhusa yako, na kama huwezi kuitoa, wa kwanza kuulizwa ni mtu uliyempa hayo mamlaka kwa maandishi, ama mtu aliyepewa na sheria nyingine au amri ya korti. Jamaa wa karibu anaingia tu pale ambapo hao hawako. Soma hapo tena pole pole. Karatasi moja uliyoandika ukiwa mzima inatangulia mama, mke, kaka mkubwa, baba mdogo wa Nairobi na mwenyekiti wa ukoo. Na sheria haijakuchorea fomu yoyote, haisemi lazima wakili, haisemi lazima muhuri, inasema tu iwe kwa maandishi. Bei yake ni kalamu na karatasi, lakini jaribu kuuliza watu kumi pale soko la Kibuye, Kisumu, ni wangapi wameandika.

Kitu kimoja kwanza ndo usiogope. Hii barua haizuii kuokolewa kwa dharura. Katiba kifungu cha 43(2) kinasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura, na hiyo Sheria ya Afya nayo inaruhusu daktari aendelee bila kungoja saini ya mtu. Ukigongwa na lori pale Salgaa usiku wa manane hakuna mtu ataanza kupekua mifuko akitafuta barua, watakufunga damu isitoke na kukukimbiza Nakuru. Ila angalia, hicho kifungu cha 9 pia kinasema pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo daktari anaweza kuendelea kama mgonjwa hakuwa amekataa hiyo huduma. Kwa hivyo kukataa kwako kuna uzito. Ndo maana Mashahidi wa Yehova wanatembea na ile kadi kwa pochi, imesainiwa, inasema wazi damu hapana. Unaweza kukosa kukubaliana nao kwa imani lakini kwa hii maneno ya kujipanga wametuacha mbali.

Mtu wa kuchagua

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, juu karatasi nzuri yenye jina la mtu asiyefaa ni hasara tupu. Kwa desturi tunapeana heshima kwa umri, kwa hivyo mkono unataka kuandika kifungua mimba hata kabla ya kufikiri. Ngoja. Jiulize nani ataweza kusimama kwa korido, mama yako analia pale chini, mjomba anapiga kelele kwa simu ya spika, na bado aseme "yeye alikataa hiyo, mimi nafuata alichosema". Huyo anaweza kuwa ni kitinda mimba. Anaweza kuwa ni wifi yako ambaye mnaelewana kuliko ndugu zako wa tumbo moja, ama rafiki wa chama, sheria haikubani uchague wa damu.

Awe anafikika. Ndugu ako Qatar anakupenda sana na ndo analipa bili lakini daktari anazungukia wagonjwa asubuhi mapema na anataka jibu hapo hapo, sio kungoja mtu atoke shifti huko. Kama unaishi Nakuru na watu wako wote wako Luanda ama Ugunja, afadhali mtu wa Nakuru awe wa kwanza na wa nyumbani awe wa pili. Ndio, weka wa pili, kwa sababu huyo wa kwanza mnaweza kuwa naye kwa gari moja siku ya ajali.

Alafu kuna hili watu hawapendi kusema. Mtu unayemchagua atasikia siri zako. Kama unameza dawa za virusi vya UKIMWI na nyumbani hawajui, huyu lazima ajue, tena ajue jina la kliniki yenye unachukulia, kwa sababu ukilala wiki mbili bila hizo dawa mwili unaumia, na kuna dawa zingine za hospitali hazifai kuchanganywa nazo ovyo. Vilevile kama una sikoseli, kifafa, kisukari, ama una mimba ambayo hujatangaza. Kama humwamini na hayo basi sio yeye, tafuta mwingine.

Kwa wale wenye nyumba mbili, hii barua mnaihitaji kuliko mtu yeyote. Nilishaona fomu ya ruhusa ya upasuaji kwa hospitali fulani huku magharibi, mzee amepigwa na kiharusi, fomu iko na jina la mama wa kwanza limekatwa na kalamu ya bluu, juu yake jina la mama wa pili, hilo nalo limekatwa, chini kuna dole gumba la kijana ambaye hata hakuwa amefikisha kumi na nane. Nesi aliishika hiyo fomu kwa ncha ya vidole akauliza, "Sasa mimi nifuate gani?" Hakuna mtu alijibu. Hao akina mama wote wawili walikuwa na haki ya kuitwa jamaa wa karibu, na mzee angeweza kumaliza hiyo vita na sentensi moja miaka mingi kabla.

Mwisho, muulize. Usimwandike mtu kimya kimya alafu ajulie wodini. Wengine watakataa, na mtu akikukatalia amekusaidia.

Kujua unachokubali na unachokataa

Usianze na mashine, anza na maisha yenyewe. Kitu gani kikipotea utaona hapa nimefika? Kuna mtu atasema mimi nikiweza tu kusikia wajukuu wakicheza nje inatosha, hata nikilishwa. Mwingine atasema nikishindwa kutambua watoto wangu na madaktari wanasema sitarudi, niacheni niende nyumbani. Yote ni sawa, hakuna jibu la mtihani. Ila liseme, kwa sababu mtu wako hawezi kubahatisha mashine kumi na tano lakini akijua unathamini nini ataweza kujibu hata swali ambalo hamkuwahi kulifikiria.

Alafu sasa mashine, kwa ufupi, maana kwa TV zinaonyeshwa vibaya. Moyo ukisimama wanakufinya kifua kwa nguvu, mbavu zinaweza kuvunjika, na inasaidia zaidi kwa mtu ambaye moyo umesimama ghafla alikuwa mzima kuliko mtu ambaye saratani imeshaenea mwili wote. Ventileta ni mrija unaopita kooni mpaka kwa njia ya hewa, mara nyingi unalazwa na dawa, huwezi kuongea wala kumeza. Dialisisi ya kuosha damu, kwa figo zilizokufa kabisa, ni kama mara mbili ama tatu kwa wiki, na sio kila kaunti ndogo iko na hiyo mashine, kwa hivyo hesabu na nauli. Mrija wa kulisha mara nyingi unapitia puani. Hizi zote sio adui. Kwa nimonia kali ama ajali ya boda, ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, inaweza kukushikilia siku chache alafu utoke ukitembea, na mtu anayeandika "sitaki mashine kabisa" bila kueleza hali gani anaweza kujinyima kitu ambacho kingemrudisha kazini.

Kwa hivyo maneno yenye napenda ni ya kujaribu kwa muda. Wekeni mashine, ngojeni siku ambazo daktari anaona zinatosha kuonyesha mwelekeo, alafu kaeni chini muulize kuna mabadiliko ama hakuna. Kama hakuna, toeni. Familia nyingi zinakwama kwa sababu waliambiwa kuweka lakini hakuna mtu aliwahi kuambiwa kutoa, na kutoa kunahisi kama kuua hata kama ni ugonjwa ndo unaua.

Maumivu yaandikie sentensi yake. Kuna watu wakisikia mofini wanajua mgonjwa amekatiwa tamaa, wanaificha hiyo chupa. Mofini ikipimwa vizuri na daktari inatuliza maumivu na kupunguza kuhema kwa shida, tabu yake kubwa ya kila siku ni kufunga choo, ambayo ina dawa yake. Eldoret, Kisumu na Nakuru kuna hosipisi, na wako chini ya KEHPCA, muungano wa hosipisi za Kenya, hawa ni watu wa kumtuliza mgonjwa wa muda mrefu hata akiwa nyumbani. Kama una ugonjwa kama saratani, ongea nao mapema, sio wiki ya mwisho, na pia ni watu wazuri wa kukusaidia kuandika hii barua kwa sababu wanazungumza haya maneno kila siku bila kuogopa.

Mipaka iko. Huwezi kuandika udungwe sindano ufe, hiyo Kenya ni jinai na daktari hatafanya. Kukataa matibabu ni kitu kingine kabisa, hiyo ni haki yako. Na huwezi kumlazimisha daktari akupe tiba ambayo yeye anaona haina kazi.

Barua yenyewe

Iandike kwa lugha utakayoelewa wewe na nesi wa zamu ya usiku. Kiswahili ni sawa, Kiingereza ni sawa. Kama mzazi wako hasomi, msomee kwa lugha ya nyumbani, Kijaluo ama Kilogoli ama chochote, atie dole, alafu shahidi aandike chini kwamba alisomewa kwa lugha fulani akakubali. Inaweza kwenda hivi:

"Mimi (jina), kitambulisho namba (…), mkazi wa Nyalenda, Kisumu, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, namteua (jina, kitambulisho, simu) atoe ama akatae ruhusa ya matibabu kwa niaba yangu wakati wowote daktari akiona siwezi kuamua mwenyewe. Akikosekana, (jina la pili). Naruhusu hawa wawili waelezwe hali yangu yote na kuonyeshwa faili langu.

Kama ni ajali ama ugonjwa wa ghafla ambao naweza kupona, nitibiwe kikamilifu, pamoja na ICU, na baada ya siku ambazo daktari atasema zinatosha wakae waangalie kama naendelea vizuri.

Kama nina ugonjwa usiopona na madaktari wawili wamekubaliana sitarudi kutambua watu wangu, sitaki kufinywa kifua, sitaki ventileta wala kuongezewa mashine nyingine. Nataka dawa ya maumivu ya kutosha hata mofini, nioshwe, nigeuzwe, mdomo wangu uloweshwe, na kama inawezekana niwe nyumbani.

Nimefuta barua yoyote ya mbeleni. Tarehe. Saini."

Badilisha kila kitu hapo kiwe chako. Kama hutaki damu sema. Kama unataka padri ama imamu aitwe sema. Ile sentensi ya faili usiiache, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kama habari nyeti na daktari ana sababu nzuri ya kumnyamazia mtu asiyetajwa popote.

Mashahidi, weka wawili watu wazima ambao sio wale uliowateua, na afadhali wasiwe watu wanangojea kurithi shamba. Kifungu cha 9 hakitaji mashahidi lakini siku mtu atasema "hii saini sio ya mzee" utafurahi wako. Ukiwa na shilingi kidogo peleka kwa kamishna wa viapo akugongee muhuri, wako karibu na korti yoyote, sio kwa sababu ni lazima ila kwa sababu watu wetu wanaheshimu muhuri kuliko maneno, tunajuana. Na kama unaumwa na kitu kinachogusa akili, kama mwanzo wa kusahau ama kiharusi kidogo, omba daktari wako aandike sentensi moja siku hiyo kwamba ulikuwa unaelewa unachosaini.

Usichanganye hii na wosia. Wosia unaamka ukishakufa, hii inafanya kazi ukiwa hai. Na ile hati ya uwakili ya mambo ya ardhi na benki nayo sio hii, tena ya kawaida inaisha nguvu ukishapoteza akili, wakati hasa ambapo familia inaihitaji, na hapo wanabaki kuomba korti chini ya Sheria ya Afya ya Akili iwape mtu wa kusimamia mali yako. Kwa hivyo pesa za matibabu zipangie njia yake: SHA, ile bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa na watu wako wamesajiliwa, na kama mna akaunti ya akiba ya familia muwe na watia saini zaidi ya mmoja.

Kuwaambia watu

Sasa hapa wengi wanakwepa. Huku kuzungumza kifo cha mtu aliye hai kunaonekana kama kukiita, mama atakuambia "wacha hayo maneno, unataka kufa?" na mazungumzo yameisha. Usiingilie mlango huo. Ingilia kwa habari ya mtu mwingine, jirani aliyelazwa, ama kwa karatasi zingine mnazopanga kama za SHA. Desemba watu wakirudi nyumbani ndo wakati, wote wako, na hakuna mgonjwa bado. Unaanza hivi:

"Mama, ile siku ya baba Akinyi kulikuwa na kelele sana hospitali. Wewe ungetaka nani aongee na daktari?"
"Si nyinyi wote."
"Sisi wote ni saba, mama. Daktari atasikiza mmoja."
"Basi huyu Atieno. Yeye hana haraka."

Umeona, hajasema kufa hata mara moja na tayari umepata jina. Siku nyingine utauliza lingine. Na likishapatikana lisemwe mbele ya wote, hasa wale wa mbali wanaotuma pesa, kwa sababu anayetuma pesa huwa anahisi ndo mwenye uamuzi na atapiga simu aseme "fanyeni kila kitu" bila kujua kila kitu ni nini. Piga picha ya barua uweke kwa group ya familia ya WhatsApp. Wazee wa ukoo waheshimiwe, waambiwe mapema na waambiwe na wewe mwenyewe ukiwa umekaa nao, watanung'unika lakini wamesikia kwa mdomo wako. Maneno ya mdomo peke yake usiyategemee. S. M. Otieno alikuwa wakili mkubwa, alipokufa Desemba 1986 mjane na ukoo walivutana kortini kuhusu alisema azikwe wapi, mwili ukakaa mochari mpaka Mei 1987 ndo ukapelekwa Nyalgunga, kijijini kwao Siaya. Yale yalikuwa mazishi na sheria ya mazishi ni nyingine, lakini kama wakili alishindwa kuacha jambo likiwa limenyooka, mimi na wewe je.

Mahali pa kuweka

Sio kwa sanduku la chuma chini ya kitanda na ufunguo uko na wewe. Kopi moja kwa mteule, moja kwa wa pili, moja kwa bahasha ya hospitali pamoja na kadi za kliniki, na moja unampa daktari wako kama una ugonjwa wa kudumu. Kwa simu, ile sehemu ya habari za dharura inayofunguka bila nywila, jaza jina na namba ya mteule, dawa zako na mzio wako. Watu wa boda, hii msiache. Pia andika namba kwa karatasi ndogo uweke nyuma ya kitambulisho, simu huibwa pale pale kwa ajali kabla hata polisi kufika.

Ukilazwa, iwe ile hospitali inaitwa Russia pale Kisumu ama Jenero ya Kakamega ama hospitali kuu ya Nakuru, ile PGH, siku ya kwanza mpe nesi kopi na umwombe aibandike mbele ya faili, sio katikati. Ukihamishwa wodi uliza kama imehama na wewe. Zamu zikibadilika mteule ajitambulishe tena, ni kuchosha lakini ndo hivyo.

Isome upya ukioa, ukiachana, ukipata ugonjwa mpya ama mteule akihamia mbali. Kubadilisha ni kuandika mpya yenye tarehe mpya na kukusanya zile kopi za zamani uzichome. Na ukiwa bado na fahamu neno lako ndo linatangulia, hata kama ni kinyume na ulichoandika mwaka jana.

Ikitokea hospitali inaangalia barua na kusema hawajui hii kitu, mteule asianze kupigana na nesi. Aulize daktari mkuu wa wodi, ataje Sheria ya Afya ya 2017 kifungu cha 9, aombe wakatae kwa maandishi. Hospitali kubwa ziko na ofisi ya ustawi wa jamii na kitengo cha kutuliza maumivu, hao waitwe waje wakae kwa hicho kikao. Mara nyingi ukiomba mtu akatae kwa maandishi ghafla anakumbuka kuna mkubwa wake anafaa kuulizwa kwanza.